Sauti ya Mwanamke Ndani ya Gari la Lusajo

Watu wa Thamesmead, huku London, walikuwa na msemo wao: mtume Lusajo Woolwich akakununulie mkate, atakuletea wa Dartford. Na mimi nilikuwa nausema, tena kuliko wengine, maana ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na nilimwona alivyoondoka na alivyorudi. Mtu mzima na mvi zake, mzee wa kanisa, mpishi aliyelisha watoto wa shule ya msingi mpaka akastaafu, lakini mweke nyuma ya usukani umwambie akate kushoto halafu kulia, na hapo umeshampoteza.

Lusajo Mwakalinga hakuwa mjinga wala mzembe. Gari aliliendesha vizuri, polepole, mikono miwili kwenye usukani na macho kwenye vioo. Shida ni kwamba hakujua anakokwenda, na hakujua kwa sababu hakuwahi kuhitaji kujua. Njia ilikuwa kazi ya mkewe.

Mkewe ni Subilaga. Wote wawili ni Wanyakyusa wa Tukuyu, kule kusini mwa Tanzania ambako mvua haichoki, na nadhani ndiyo sababu hawakuwahi kuilalamikia hali ya hewa ya hapa kama sisi wengine. Subilaga alitangulia kuja, miaka ya tisini, akasafisha maofisi mpaka makaratasi yake yakakaa sawa, kisha akamwita mumewe. Lusajo alinisimulia siku aliyotua Heathrow. Alitoka na sanduku lake, akamwona mkewe ndani ya koti zito, akafungua mikono amkumbatie, na Subilaga akamnyang'anya lile sanduku akasema, "Nifuate, treni inaondoka." Akamfuata. Aliendelea kumfuata maisha yao yote ya London, na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

Mimi naitwa Peris. Ni Mkenya wa Nakuru, muuguzi mstaafu, mjane, na mdomo ninao. Lusajo husema Kiswahili changu kikipelekwa hospitali kitalazwa. Nami humjibu kwamba mimi angalau nikitoka nyumbani hurudi.

Subilaga hakuwa na leseni wala hakuitaka. London aliijulia kwenye basi. Alfajiri alikuwa anapanda ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, anaitazama mitaa ikipita mpaka Eltham au Lewisham au popote palipokuwa na sakafu ya kupigwa deki. Basi Jumapili wakitoka kwenda ibada ya Kiswahili, au msibani, au harusini, alikaa kiti cha mbele cha gari lao na kumwongoza mumewe kwa vitu alivyoviona, kama tunavyoelekezana kwetu ambako barabara nyingi hazina majina. "Kata pale kwa Mturuki anayeuza matandiko. Haya, nyoosha mpaka kanisa la mlango mwekundu. Punguza, hapo kuna kamera. Baba Bridget, nimesema kanisa, hiyo ni benki." Nilipanda nyuma mara nyingi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Jina la barabara sikumsikia akilitaja hata mara moja.

Kisha akaanza kusahau. Sufuria ziliungua kwanza. Halafu majina ya watu yakampotea, na baada ya hapo Kiingereza chote, chote, hata kile cha kumwambia dereva wa basi asante. Alibaki na Kiswahili na Kinyakyusa. Asubuhi moja ya baridi alikutwa kituoni amevaa gauni la kulalia na viatu vya kazi, anasubiri basi la kumpeleka kusafisha ofisi ambayo ilishafungwa zamani. Lusajo akabadilisha vitasa vya mlango. Akajifunza kumwogesha, kumvisha, kumlisha. Alipoanza kuugua moyo yeye mwenyewe, daktari akamwambia wataanguka wote wawili siku moja ndani ya nyumba na hakuna atakayejua, na halmashauri ikamtafutia Subilaga nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huko ng'ambo ya Eltham.

Kanisani wakasema Lusajo kamtupa mkewe kwa Wazungu. Nawajua waliosema. Wakati Subilaga alipokuwa anatoroka hakuna hata mmoja wao aliyekuja kukaa naye kidogo ili mumewe aende kunyoa nywele. Lakini maneno yale yalimwingia Lusajo, nami nilimwona yanavyomla. Kwao, alisema, mke hauguzwi na wageni.

Alikwenda kumwona kila siku, kwa basi, maana basi halikuulizi njia. Alibeba mbalaga kwenye kopo, zile ndizi za kwao anazozipika na nyama mpaka zinalainika, kwa sababu chakula cha pale Subilaga alikuwa anakisukuma pembeni. Ndizi alikula. Aliyezileta hakumjua tena. Alimwita kaka. Wauguzi wakimwuliza kwa ishara huyu ni nani, alisema kwa Kiswahili, "Huyu kaka wa ndizi, mtu mwema." Halafu akamgeukia yeye na kumwuliza, kwa adabu kabisa, "Kaka, mimi nitakwenda nyumbani lini?"

Hilo swali ndilo lililomwamsha Lusajo. Alikuja kwangu siku moja, akakaa jikoni, chai ikapoa mbele yake.

"Shemeji," akasema, "nataka nimlete nyumbani. Jumapili moja tu. Akae kwenye kiti chake, ale mezani pake, jioni nimrudishe."

"Wewe unatafuta nini hapo, shemeji?"

"Akikaa kwenye kiti chake atanijua."

Niliwauguza wazee wa namna hiyo miaka mingi, na nilijua ninachokijua. Lakini yule hakuwa ameniuliza kama muuguzi. Nikamwambia ni wazo zuri, nikammiminia chai nyingine.

Kizingiti kilikuwa binti yao. Bridget anafanya kazi Leeds. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake siku ile kilikuwa kikali. Walizungumza kwa simu, sauti ikiwa wazi, nami nikiwa pembeni. Baba yake akamweleza mambo ya kiti na meza. Bridget akasema, "Dad, you get lost going to the shops. Mum will be in that car."

"Nitakwenda polepole."

"You'll be lost slowly."

Lusajo akaitazama simu kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe. Nikaingilia. Nikasema mimi nitakaa nyuma, mama yako nitamwangalia mimi, kazi hiyo naijua. Bridget akalegea kidogo. Akasema sawa, lakini Dad anunue satnav ya kweli, kile kifaa cha kuonyesha njia, aizoee, aende na kurudi peke yake bila kupotea. Akiweza, basi Mum aje.

Ya kweli, kwa sababu ya simu alishaijaribu. Binamu yake wa Mbeya alimpigia akiwa katikati ya kipilefti, ramani ikatoweka, na Lusajo, ambaye hawezi kumkatia mtu simu kwa sababu ni utovu wa adabu, akazunguka na kuzunguka, akatokea mahali asipopajua, na mwisho akajikuta amepita handaki la Dartford na kuingia Essex huku binamu bado anamweleza bei ya mahindi.

Tukaenda kwa Kishor. Kishor ni Mhindi wa Kisumu mwenye duka la vifaa vya magari Plumstead: mazulia, taa, vifutio vya kioo, harufu za kuning'iniza. Aliondoka Kenya kijana lakini Kiswahili chake hakikuondoka, na ukimsalimia kwacho anaacha wateja wengine wasubiri. Vile vifaa alikuwa navyo vitatu tu, kwenye kabati la kioo, vumbi juu.

"Mzee, siku hizi watu iko na simu," akasema. "Mimi naweza kuuza, lakini nataka kujua kwanza. Unataka ya nini?"

"Ya kumleta mke wangu nyumbani," Lusajo akasema.

Kishor akanitazama. Nikatikisa kichwa, naye hakuuliza zaidi. Akafuta vumbi, akavipanga vyote vitatu juu ya meza na kumkalisha Lusajo kwenye stuli.

"Nyoosha mikono kama umeshika usukani. Haya. Sasa soma."

Kwenye kile kidogo Lusajo hakuona kitu. Kile kikubwa, cha madereva wa malori, alikisoma vizuri sana, lakini Kishor akamwambia kikikaa kwenye kioo cha mbele ataiona ramani na hataliona gari lililo mbele yake. Akabaki na cha katikati. Kishor akamfundisha kukibandika chini, pembeni, upande wake wa kulia, kisimzibe. Akajiuliza kwa sauti kama ramani yake itakuwa inajisasisha yenyewe, akajijibu mwenyewe kwamba inajisasisha, na kwamba hilo ni jambo la kwanza la kutazama, kwa sababu halmashauri za hapa zinafunga mtaa leo na kuweka maboksi ya maua katikati, na kifaa kisichojua kinakupeleka kwenye maua. Akamwonyesha pale pa kukataa feri na mahandaki. Lusajo akakataa vyote. Havuki mto, alisema, mkewe hayuko ng'ambo ya mto.

Tulipofika kwenye sauti, Kishor akaanza kuzichezesha moja moja.

"Kiswahili ipo?" Lusajo akauliza.

"Hapana, mzee. Iko Kituruki, iko Kiholanzi, iko hata ya Wafini."

"Sisi hawatujui?"

"Wanajua. Hawajatuwekea tu."

Sauti ya mwanamume ilikuwa nzito. Lusajo akasema huyu ni mkaguzi wa shule, ataniuliza kama nimeosha mikono. Akasikiliza ya pili, mwanamke wa makamo hivi, mtulivu, anayesema mapema kabla ya kona. Akamsikiliza mara mbili, kichwa kimeinama.

"Huyu," akasema. "Mimi nimezoea kuongozwa na mwanamke."

Alilisema kwa mapenzi, na mimi nililipokea kwa mzaha, kama kawaida yangu. "Haya shemeji, hongera, umepata bi mdogo." Kishor akacheka. Lusajo naye akacheka, akalipa, akaondoka na boksi kifuani.

Akakaa na yule mwanamke wa kifaa kama mwanafunzi na mwalimu wake. Alikuwa anatoka kila asubuhi kwenda Eltham, mimi nikiwa dirishani. Alinikubalia nipande naye siku moja nijionee, na nikamsikia: kila akiambiwa kata kushoto, anakata, halafu anasema taratibu, "Ndaga." Ndiyo asante yao. Nikamwambia ile ni mashine. Akasema hajui namna ya kuelekezwa bila kushukuru. Na hakupotea. Alienda akarudi, akaenda akarudi, mpaka ikafika siku ananigongea mlango bila hata kuvua kofia. "Shemeji, wamefunga barabara ya Plumstead, kanizungusha huko nyuma, na nimefika." Sikuwahi kumwona na furaha ile tangu Subilaga aondoke. Bridget akaambiwa, akasema sawa. Meneja wa kule akasema sawa.

Jumapili yenyewe kulikuwa na jua. Lusajo alipika mbalaga tangu asubuhi, akaifunga sufuria kwa taulo isipoe. Kiti cha Subilaga, kile cha kijani karibu na redieta, alikipangusa, akakiwekea mto, akausogeza, akaurudisha. Akavaa suti yake ya harusi za watu. Nilimwona pale mlangoni anajitazama kwenye kioo na kuweka tai sawa, na roho ikaniuma, maana alikuwa kama bwana anayekwenda kuposa.

Kule tulimkuta Subilaga yuko vizuri. Ana siku zake na ile ilikuwa nzuri. Alikubali nimfunge kitambaa cha kichwa, akanyoosha shingo kama zamani.

"Wewe mtoto wa wapi?" akaniuliza.

"Wa Nakuru, mama."

"Mbali," akasema, akanipapasa mkono, kunipa pole.

Tukamkalisha mbele. Nikamfunga mkanda, nikampa mkoba wake mapajani, mimi nikaingia nyuma. Akaligusa lile sanduku dogo la mbele ya kiti, akagusa mlango, akatabasamu. Lusajo aliyaona hayo yote. Akawasha gari, akabonyeza kifaa, tukatoka getini.

Yule mwanamke akasema kwa Kiingereza chake kitulivu kwamba baada ya yadi mia mbili tukate kulia.

Subilaga akakauka. "Nani huyo?"

"Ni mashine tu. Inatuonyesha njia."

"Nimesikia mwanamke." Akageuka nyuma kwa shida, akanitazama. "Siyo huyu. Huyu muuguzi. Yule mwingine yuko wapi?"

"Hakuna mwingine, Subi. Ni mimi na wewe na Peris."

Mwanamke akasema kata kulia. Subilaga akaupiga mlango kwa kiganja.

"Hili gari la mume wangu," akasema. Sauti ilikuwa imepanda. "Nalijua hili gari. Wewe kaka, mume wangu anajua kwamba unabeba wanawake kwenye gari lake?"

Gari alilijua, na mwenye gari hakumjua. Mimi nyuma nikaukumbuka ule mzaha wa dukani, na nikawaza jinsi mtu anavyoweza kuchagua kitu kwa upendo wote na bado kikawa ndicho kinachoumiza. Subilaga alikuwa ameshika kitasa anakivuta. Nikamwekea mkono begani kutoka nyuma, nikamsemesha polepole, na Lusajo akaegesha pembeni. Alikitafuta kile kidude cha sauti, akakizima.

"Ameshuka," akamwambia mkewe. "Yule mwanamke ameshuka."

Subilaga akatazama nyuma, akatazama nje. Akaridhika.

Sasa ikabaki picha bila maneno. Lusajo akaendesha huku akichungulia kioo kile kidogo na barabara kwa zamu, jasho linamtoka, na nilijua haitachukua muda. Tulipofika Eltham penyewe, kwenye taa, mshale ulionyesha kulia, kuelekea Welling, ndiyo njia ya kwetu. Lusajo akawasha taa ya kulia.

"Nyoosha," Subilaga akasema.

Ilikuwa ile sauti. Siyo ya mgonjwa anayeuliza atakwenda nyumbani lini, ile ya zamani, ya mwenye kujua. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, macho mbele.

Nikasema, "Shemeji, hiyo kitu inasema right."

"Nimekiona," Lusajo akasema. Akazima taa ya kulia, akanyoosha.

Singeweza kumkataza, na sikutaka. Wewe ungemkataza?

"Panda hapo. Panda tu, usiogope, mabasi yote yanapanda hapa. Haya. Sasa unaona uwanja ule wa majani? Upite kushoto kwako. Punguza, hapo kuna kamera."

Na kweli kamera ilikuwepo. Lusajo akapunguza. Nilimwona kwenye kioo cha ndani, machozi yanamshuka mpaka kwenye tai na hayafuti, na anacheka. Kila alichoambiwa alikifanya, na kila mara alisema, "Ndiyo, Mama Bridget." Tulipita ile kambi ndefu ya wanajeshi, tukateremka, na mto ukaonekana kidogo kati ya majengo. Yule mama alikuwa anaijua kila kona. Miaka ilikuwa imemvua Kiingereza na sura ya mumewe na ya mwanawe, lakini njia ya basi lake haikuguswa.

"Shemeji," Lusajo akaniambia, bila kugeuka, "amerudi."

Nilitaka kuamini. Naomba mnielewe, kwa dakika zile niliamini na mimi.

"Kata hapo kwenye duka la samaki," Subilaga akasema. Duka la samaki halikuwepo, palikuwa na mahali pa kupaka watu kucha, lakini kona ilikuwepo. Lusajo akakata. "Mbele kidogo. Kidogo tena. Simama. Hapa, tumefika."

Lusajo akasimama, akazima injini. Ndipo alipotazama mahali alipoletwa.

Zamani, kabla hawajahamia Thamesmead na kuwa majirani zangu, waliishi Woolwich, kwenye fleti za halmashauri, ghorofa ya tatu. Bridget alizaliwa wakiwa pale. Zile fleti zilibomolewa. Sasa pamesimama minara ya vioo, na chini yake kahawa inauzwa, na vijana wamekaa nje na mbwa wao. Hapakuwa na ngazi wala kamba za nguo, na ule ukuta ambao watoto walikuwa wanaupigia mpira umekwenda.

Subilaga alitazama juu. Akatazama kulia na kushoto. Mkono wake ulikuwa umeshafungua mkoba kutafuta ufunguo.

"Siyo hapa," akasema.

"Ndipo, Subi. Walibomoa. Sisi tulihamia, unakumbuka? Tuna nyumba, kiti chako kipo. Twende, nimekupikia ndizi."

"Siyo hapa." Alikuwa anajikunja kwenye kiti, anakuwa mdogo. "Umenipoteza, kaka. Nimekwambia njia na umenipoteza."

"Subi, ni mimi."

Akamtazama. Alimtazama muda mrefu, uso kwa uso, na nilimwona Lusajo anaacha kupumua. Suti, tai, zile mvi alizozichana. Halafu Subilaga akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, maana hakuwa amekasirika, alikuwa anamwonea huruma dereva asiyejua kazi yake.

"Kaka, wewe mtu mwema, lakini njia huijui. Ningekuwa na mume wangu nisingepotea. Lusajo hapotei. Nimekaa naye kwenye mji huu mkubwa na sijapotea naye hata siku moja."

Lusajo akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, pale pale anapoiweka siku zote.

"Una simu?" Subilaga akamwuliza.

"Ninayo."

"Mpigie. Mwambie aje anichukue."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema neno la kiuguzi, la kumtuliza, la kubadilisha habari, tunayo mengi. Lusajo akainua kidole kwenye kioo, nisiseme. Akatoa simu mfukoni mwa koti, akaishika sikioni bila kuibonyeza popote.

"Haloo," akasema. "Lusajo? Mkeo yuko hapa Woolwich, pale kwenye nyumba ya zamani. Ndiyo. Hapana, hajambo, hana baridi. Anakusubiri." Akasikiliza kidogo, kama mtu anayesikiliza. "Haya. Nitamwambia."

Akairudisha simu mfukoni.

"Anasema anakuja."

Mabega ya Subilaga yakashuka. Akafunga mkoba wake, akaulaza mapajani, akageuza uso dirishani kutazama upande ambao mumewe angetokea.

"Basi tumsubiri," akasema. "Hatachelewa."

"Hatachelewa," Lusajo akasema.

Tukakaa pale ndani ya gari, sote watatu, tukimsubiri.